Ruhusa ya Kutoka Mstarini

Februari 2025 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote za nchi kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Naibu waziri wa elimu alisema kwamba mjini Juba wanafunzi 12 kwa wastani walikuwa wakianguka kila siku. Mwaka uliotangulia, mwezi Machi, shule zilikuwa zimefungwa vivyo hivyo, joto likitarajiwa kufika nyuzi 45. Sisi wa Bujumbura, Burundi, tuliisikia habari hiyo tukaiacha ipite. Barazani kwetu, mtaa wa Buyenzi, mzee mmoja alisema Juba ni Juba, sisi Mungu ametupa ziwa, na wengi wakaitikia.

Ziwa tunalo kweli, na mji wetu haufiki nyuzi 45. Mchana wa kawaida ni kati ya nyuzi 29 na 32, na Septemba ndiyo kali kupita miezi mingine. Lakini tumekaa chini, mita zisizofika 800 kutoka usawa wa bahari, kati ya maji ya Tanganyika na milima, na mvua zinapokaribia hewa inakuwa nzito. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka, linampoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba unyevu, jasho linachuruzika tu mgongoni, shati linalowa, na joto linabaki mwilini. Kwa hiyo nyuzi 31 za Bujumbura mwezi Oktoba zinaweza kumtesa mtoto kuliko nambari yenyewe inavyoonyesha.

Siku chache baada ya maneno yale ya barazani, kina mama wawili wa mtaani walinijia. Walijua kwamba nilifundisha somo la michezo kwa miaka mingi. Watoto wao walikuwa wameambiwa kwamba mazoezi ya defile, gwaride la sikukuu ya uhuru la Julai mosi, yatafanyika saa nane mchana, baada ya masomo. "Mwalimu, hii ni sawa?" Niliwajibu kwamba si sawa. Wakaniomba niwaandikie sababu, wazipeleke kwenye kamati ya wazazi. Nilipoanza kuandika niliona sababu zangu nyingi sikuzitoa kitabuni. Nilizipata uwanjani, nikiwa mtoto na kisha nikiwa mwalimu, na ni afadhali nizieleze kwa mpangilio huo.

Mwaka 1987 Burundi ilitimiza miaka 25 ya uhuru, nami nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwetu defile ilikuwa jambo kubwa kuliko mtihani. Wiki nyingi kabla ya Julai mosi tulikuwa uwanjani kila alasiri, madarasa yote, kwenye vumbi lisilo na mti hata mmoja. Kutembea kwenyewe hakukuwa kazi. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na upepo kidogo wa mwendo, na watoto tunapenda kupiga miguu chini kwa pamoja. Taabu ilikuwa kungoja. Darasa moja likipita, mengine yalisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, mpaka zamu yao ifike.

Msichana aliyesimama mbele yangu alianguka siku moja bila kutoa sauti. Hakupiga magoti wala hakunyoosha mikono, alikwenda chini kifudifudi na kidevu kikapasuka. Mwalimu aliyesimamia alisema hajanywa uji asubuhi. Sote tulikubali, na tangu siku hiyo kila aliyeanguka ilisemwa hajanywa uji.

Ilinichukua miaka kuelewa kwa nini walioanguka walikuwa wale waliosimama na si wale waliotembea. Mtu akitembea, misuli ya miguu inakamua damu na kuirudisha juu. Akisimama kimya juani, mishipa ya ngozi inatanuka ili mwili upoe, damu inashuka na kutuama miguuni, na ubongo unapungukiwa. Mwili unaanguka ili kichwa na moyo vilingane na damu ipande tena. Dawa yake ni nyepesi: mlaze kivulini, inua miguu yake, mfungue vifungo vya shati, na kwa kawaida ndani ya dakika chache anafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Kinga yake ni nyepesi zaidi: usiwasimamishe watoto bila kazi juani. Wakingoja, waketi. Hakuna sheria ya taifa lolote inayosema uhuru huadhimishwa kwa watoto kusimama wima kwa saa nzima wakingoja darasa lingine lipite.

Jambo jingine la mwaka ule limenikaa moyoni kuliko kile kidevu. Mvulana mmoja wa darasa letu alihisi kizunguzungu, akaketi chini. Aliitwa mbele, akapigishwa magoti juani mpaka mazoezi yakaisha. Adhabu hiyo tuliijua sote, mtu anaweza kuipata kwa kuchelewa, kwa kupiga kelele, kwa kusahau daftari. Nimeifikiria mara nyingi tangu nilipokuwa mwalimu. Shule inayochagua jua kuwa adhabu inajua vizuri kabisa kwamba jua linaumiza. Haiwezi kesho yake kusema kwamba aliyeanguka hakunywa uji. Na watoto walijifunza somo walilofundishwa: ukihisi vibaya, nyamaza. Aliyenyamaza akaanguka alihurumiwa na kubebwa, aliyesema mapema aliadhibiwa. Tulifundishwa kungoja mpaka tuanguke.

Baada ya mtihani wa taifa nilipelekwa shule ya bweni, pembezoni mwa mji huuhuu. Wakati ule mtihani uliwatawanya watoto nchi nzima, na bwenini kwetu walikuwamo vijana wa milimani ambao hawakuwahi kulala bila blanketi zito. Kitanda changu kilipakana na cha mmoja aliyetoka upande wa Teza, kwenye mashamba ya chai, juu ya mita 2,000, ambako asubuhi ukungu unakaa mpaka jua lipande. Kutoka kwao mpaka kwetu ni mwendo wa gari usiozidi saa mbili, lakini mwili wake ulikuwa umeshuka kutoka nchi nyingine. Naye alishuka Septemba, kwa kuwa mwaka wetu wa shule huanza mwezi uleule ambao Bujumbura inachoma kuliko miezi yote.

Alikuwa mkimbiaji hodari. Warundi wa milimani wana mapafu yanayojulikana duniani: Vénuste Niyongabo, aliyetuletea dhahabu ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, ni mtu wa kusini mwa nchi. Basi wiki ya kwanza tulipotolewa mbio za kuzunguka uwanja, kijana huyu alituacha wote. Hakuna aliyemlazimisha kukimbia kwa kasi ile. Kwao angekimbia maradufu. Mzunguko wa mwisho alianza kuyumba, akatoka kwenye njia, akawa anazungumza maneno yasiyoungana. Alimtazama mwalimu kama hamjui. Ngozi yake ilikuwa ya moto hata kwa mkono wangu, nami nilikuwa wa moto vilevile.

Hili halikuwa kuzimia kwa aliyesimama. Mtu aliyepatwa na joto akianza kuchanganyikiwa, mwili wake umekwisha kushindwa kujipoza, na kila dakika ni ya hatari kwa ubongo, figo na moyo. Pale watu walifanya yale yanayofanywa kila mahali. Walimwingiza darasani, chini ya mabati, wakamzingira, mmoja akaleta maji ya sukari amwekee mdomoni. Aliyemwokoa ni mpishi wa shule. Alisikia kelele, akaja na ndoo ya maji ya kuoshea mboga, akasema mtoeni nje, akammwagia kichwani, kifuani na mapajani, kisha akatwaa sinia na kumpepea nalo. Akaagiza ndoo ya pili na ya tatu. Gari la kumpeleka hospitali lilipopatikana, kijana alikuwa ameanza kutujibu.

Mpishi yule hakusoma kitabu cha tiba, lakini alichofanya ndicho madaktari wa michezo wanachokisisitiza leo: poza kwanza, safirisha baadaye. Maji ya baridi mwili mzima na upepo, pale pale alipoangukia, kabla ya kutafuta gari. Asiye na fahamu kamili asinyweshwe kitu, atapaliwa. Katika mji ambao siku hizi petroli inaweza kukosekana kwa wiki kadhaa, nadhani kila mwalimu wa Bujumbura anapaswa kulijua hili kabla hajalijua jina la mchezo wowote.

Yule kijana alikaa wiki nzima bila kukimbia, na kabla ya Oktoba kwisha alikuwa anatuacha tena wote, mara hii bila shida. Mwili hujifunza joto. Ukipewa wiki moja au mbili za kuzoea, kidogo kidogo, unaanza kutoa jasho mapema, jasho lenye chumvi kidogo, maji ya damu yanaongezeka na moyo haupigi kwa fujo. Yule mwenye kuanza wiki ya kwanza kwa mbio ndefu anauomba mwili kitu ambacho bado haujakitengeneza. Nilipokuja kufundisha mwenyewe, wiki mbili za kwanza za Septemba sikuwahi kuwapa watoto mbio ndefu. Tulicheza michezo mifupi, tukapumzika, tukarefusha polepole. Baadhi ya wenzangu waliona ni uvivu wa mwalimu.

Mwaka 2008 Ramadhani ilianza sambamba na Septemba. Nilikuwa nafundisha shule ambayo nusu ya watoto walitoka Buyenzi, watoto wa Kiislamu kama mimi, na shule yetu ilikwenda kwa zamu mbili kwa kukosa madarasa. Zamu ya mchana ilipata somo la michezo saa nane. Mtoto aliyekula daku kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kukaa saa tisa bila tone la maji, na futari ilikuwa bado mbali, saa kumi na mbili magharibi.

Nilidhani watoto wangeniambia. Hawakuniambia. Nilipouliza nani amefunga, mikono michache iliinuka, na niliwajua wazazi wao vya kutosha kujua kwamba waliofunga ni wengi zaidi. Wengine waliona kutaja saumu ni kuomba kusamehewa kazi. Wengine, na hasa wadogo, walikuwa wanashindana nani atamaliza mwezi, na hawakutaka mwalimu awaharibie. Mtoto wa miaka kumi anaona aibu kuliko anavyoona kiu.

Nilikwenda kwa mzee wa msikiti wetu, Mungu amrehemu. Alinisikiliza, akasema: "Mwanangu, ambaye hajabaleghe saumu si wajibu wake. Anafunga kwa kujizoeza. Na aliyebaleghe akihofia nafsi yake, Mungu amempa ruhusa ya kufungua na kulipa. Sisi ndio tunaowanyima." Ijumaa iliyofuata aliwaambia wazazi hayo kwenye hotuba. Mimi kwa upande wangu nilimwomba direkta wa shule abadilishe ratiba, michezo ya zamu ya mchana ihamie saa ya mwisho, jua likishainama kuelekea milima ya Kongo, na kwa waliofunga iwe mazoezi ya kunyoosha viungo na kanuni za mchezo, kwenye kivuli cha ukuta. Alikubali bila mabishano. Ratiba ilibadilishwa kwa kalamu, haikugharimu faranga hata moja.

Tulipokuwa tunapanga upya ndipo mwalimu mwenzangu, mwanamke, aliponieleza jambo nisilolijua. Wasichana wakubwa wa shule yetu hawakuwa wanakunywa maji shuleni mwezi wowote, Ramadhani au si Ramadhani. Vyoo havikuwa na milango inayofunga wala maji, na kwa hiyo walijizuia tangu asubuhi wasije wakahitaji kwenda. Tungeweza kuleta madumu ya maji tukayapanga uwanjani, wao wasingeyagusa. Tangu siku hiyo kila ninaposikia mpango wa kuwapa wanafunzi maji nauliza kwanza kuhusu mlango wa choo.

Mwaka 2012 nchi ilitimiza miaka 50 ya uhuru. Mazoezi ya defile yalikuwa marefu kuliko yote niliyoyaona, na shule nyingi zilitaka kupendeza. Hapo nilipata bahati ya kufanya kazi na mwalimu mwandamizi aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuwa mkali. Watoto walimwogopa. Siku ya kwanza ya mazoezi aliwapanga watoto wake chini ya miembe iliyokuwa mwisho wa uwanja, mbali na jukwaa la mazoezi, na alipoambiwa awasogeze akasema watakuja zamu yao ikifika. Kivuli cha mwembe hakibadilishi sana joto la hewa, ukiweka kipimajoto utaona tofauti ndogo. Kinachozuiwa ni mionzi ya jua inayompiga mtoto kichwani na mabegani, na hiyo ndiyo inayochosha kuliko hewa.

Kisha aliwaambia maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwa mwalimu yeyote wakati nikiwa mwanafunzi. "Ukiona macho yanaingia giza, ukihisi kichefuchefu au kichwa kinagonga, toka mstarini ukae kivulini. Usiniombe ruhusa. Ruhusa nimekwisha kutoa leo." Na kila mtoto alipewa mwenzake wa kumtazama, kwa kuwa aliyeanza kuchanganyikiwa hajijui.

Walimu tuliobaki tulikuwa na wasiwasi uleule: wote watakwenda kukaa, defile itakuwa ya watu watano. Haikuwa hivyo. Kila siku walitoka wachache, wakanywa maji, wakarudi. Wako waliotoka kwa uvivu, naye aliwajua kwa majina na aliwaacha. Alisema ni afadhali awe na wavivu watatu waliokaa kuliko mmoja aliyenyamaza. Mistari mingine iliangusha watoto mwezi ule. Wa kwake hawakuanguka, na kwa kutembea walikuwa sawa na wengine.

Barazani tuliona Juba ni mbali. Japani ni mbali zaidi, lakini kisa cha huko kinafanana na chetu kuliko tunavyodhani. Julai 2018, katika mji wa Toyota, mvulana wa miaka sita wa darasa la kwanza alitoka na wenzake kwenda bustanini kutafuta wadudu. Njiani alilalamika kwamba amechoka. Waliporudi darasani alipoteza fahamu, na akafa siku hiyohiyo. Nchi ilitikisika, serikali ikatoa fedha za kuweka viyoyozi madarasani. Wajapani pia hutumia kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, mionzi ya jua na upepo kuwa nambari moja. Kipimo hicho kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya askari wa Marekani waliokuwa wakianguka kwenye mafunzo. Nambari ikifika 31, kimsingi mazoezi yanasimamishwa, na watoto hupewa kipaumbele katika kusimamishwa huko.

Viyoyozi hatuna, na sitaki mtu aseme kwamba tungoje mpaka tuwe navyo. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo inayotunza habari za hali ya hewa za nchi yetu, na shule nyingi zina simu. Ujumbe wa asubuhi kwamba leo kazi za nje ziishe saa nne hauhitaji mtambo wowote mpya. Lakini ninaporudia kisa cha mtoto wa Toyota, kinachoniuma hakihusu mashine. Alisema amechoka. Katika nchi yenye vipimo, yenye maji kila kona, mtoto alisema, na safari ikaendelea. Kipimo kinamsaidia mwalimu kuamua kabla ya kutoka. Wakiwa wamekwisha kutoka, kipimo kilicho karibu zaidi ni mdomo wa mtoto.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye barua ya wale kina mama, kwa ufupi zaidi. Kamati ya wazazi iliipeleka kwa direkta wa shule ya watoto wao, nasi tuliitwa tukaketi naye ofisini. Ni mtu mwema na ana shida nyingi, maji ya bomba yanakatika, walimu wake wengine wanafika kwa miguu kutoka mbali. Saa tulikubaliana upesi: mazoezi yatakuwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili na nusu, na wanaongoja zamu wataketi. Maji nayo tulikubaliana, kila familia inayoweza italeta dumu moja kwa zamu, na wazazi wawili mafundi seremala wamejitolea kuweka milango ya vyoo vya wasichana. Adhabu ya kupiga magoti juani direkta mwenyewe alisema haitatumika tena katika shule yake, na ameiandika kwenye kanuni zilizobandikwa ukutani.

Ruhusa ya kutoka mstarini bila kuuliza ndiyo iliyokwama. Direkta anaogopa kwamba mbele ya wageni wa heshima itaonekana kama vurugu, na amependekeza mtoto ainue mkono kwanza, mwalimu amwone, ndipo atoke. Kina mama wamekataa, kwa sababu uwanjani kuna watoto mia kadhaa na walimu wachache, na mtoto ambaye macho yameingia giza hawezi kungoja kuonekana. Tumepanga kukutana naye tena Jumamosi, baada ya kazi za jamii, na safari hii tutakwenda na muuguzi wa zahanati ya mtaa.